Pumzi ya Uhai na Moshi wa Mbabula

SOMO LA FAMILIA

Maandiko ya kusoma nyumbani: Mwanzo 2:7, Kumbukumbu la Torati 22:8 na 23:12-14, Yeremia 29:4-7, Yohana 21:9.

Lengo la somo: kila familia ijue hewa chafu inatoka wapi, inaharibu nini, na ni jambo gani tunaweza kubadilisha jioni hii hii bila kusubiri msaada.



Mwezi huu tumeona vema kufundisha juu ya jambo lisilosemwa sana mimbarani, ingawa linaingia katika kila nyumba yetu asubuhi na jioni, nalo ni hewa tunayovuta. Pengine mtu atauliza, "Mchungaji, na hewa nayo ni somo la kanisa?" Ndiyo, mpendwa. Kabla mtu hajapewa sheria, kabla hajapewa hata nguo, alipewa pumzi.

Tuanze na ushuhuda. Mwaka wetu wa kwanza hapa Kigali tulipanga chumba kimoja, sisi na mama na watoto wanne. Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili mvua ilinyesha sana na baridi ikawa kali. Maharage yalikuwa bado hayajaiva. Tukaingiza mbabula ndani, tukafunga mlango na dirisha ili watoto wapate joto, tukaomba, tukalala. Makaa yalikuwa mekundu, hayana moshi, nasi tukadhani ni salama. Usiku wa manane mtoto wa pili akaanza kutapika. Mama akataka kusimama, miguu ikakataa. Kichwa kiliuma kama kinapasuka. Kwa neema ya Mungu mama alikuwa amelala karibu na mlango, akausukuma ukafunguka, tukatoka nje kwa magoti. Majirani waliamka wakidhani tumekula sumu. Kweli tulikuwa tumekula sumu, ila haikuwa katika chakula. Kesho yake muuguzi alitueleza jinsi tulivyokuwa karibu na kufa wote sita. Tulikuwa tumehitimu chuo cha Biblia, lakini jambo hilo hatukulijua. Ndiyo maana tunaliandika, ili wewe ulijue kabla ya msimu wa mvua.

1. Pumzi ni amana

Mwanzo 2:7 inatufundisha kwamba mtu aliumbwa kwa mavumbi, na akawa hai pale Mungu alipompulizia pumzi puani. Chakula mtu anaweza kukosa siku kadhaa, na sisi tuliotembea porini tunalijua hilo. Maji anaweza kukosa siku moja au mbili. Hewa akikosa dakika chache tu, ameondoka. Kila mtu, mwenye kitambulisho na asiye nacho, mwenye nyumba na mpangaji, anavuta hewa ile ile. Kwa hiyo anayeichafua anagusa mali ya Mungu na mali ya jirani kwa pamoja.

2. Uchafu wa hewa unatoka wapi?

Wengi tukisikia "uchafuzi wa hewa" tunawaza viwanda vikubwa vya Ulaya au China. Hapa kwetu vyanzo viko karibu zaidi. Mamlaka ya mazingira ya Rwanda, REMA, ilitoa mwaka 2018 uchunguzi wa vyanzo vya uchafu wa hewa nchini. Kuni na makaa ya majumbani, pamoja na moshi wa magari, vilitajwa kuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa. Tuvitazame kimoja kimoja.

(a) Jikoni. Hiki ndicho cha kwanza, na ndicho kilicho mikononi mwetu. Kuni mbichi, kuni za mvua, makaa, na mbabula iliyowekwa katika kona isiyopitisha upepo hujaza nyumba masizi na gesi. Mama anayepika huvuta moshi huo kwa saa nyingi kila siku, na mtoto aliye mgongoni anavuta naye.

(b) Barabara. Magari na pikipiki, hasa yenye injini iliyochakaa, hutoa moshi mweusi. Mzazi anaporudi nyumbani kwa miguu kando ya barabara jioni, wakati magari yamejaa, anavuta yote yanayotoka kwenye mabomba yale.

(c) Takataka. Plastiki, viatu vya mpira, matairi na nguo za nailoni vikichomwa hutoa sumu zinazoingia mwilini na zisizotoka upesi. Hapa tujikosoe wenyewe: wako kati yetu wanaowasha makaa kwa kipande cha jerikani au mfuko wa plastiki. Sumu hiyo inapanda mbele ya uso wa anayepuliza moto.

(d) Mashamba na misitu inayochomwa mbali. Kituo cha kupima hewa kilicho juu ya mlima Mugogo, kaskazini mwa Rwanda, kimeonyesha kwamba wakati wa kiangazi moshi wa mioto ya nchi nyingine hufika hadi hapa. Kuanzia Juni hadi Agosti unatoka upande wa kusini, na kuanzia Desemba hadi Februari unatoka upande wa kaskazini. Moshi hauombi ruhusa ya kuvuka mpaka.

(e) Milima ya moto. Ndugu waliotoka Goma na Rutshuru hawahitaji kuelezwa. Nyiragongo ililipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, lakini hata isipolipuka gesi zake hutoka na kupeperushwa na upepo. Mvua ikipita katika gesi hizo huwa na ukali, huunguza majani ya mazao, na maji yake yakikingwa juu ya bati si mazuri kwa kunywa. Chanzo hiki mwanadamu hakukiweka wala hawezi kukizima.

Umbo la mji wetu nalo huchangia. Kigali ni vilima na mabonde. Usiku usio na upepo hewa ya baridi hushuka na kukaa mabondeni, na moshi wa jioni unabaki humo humo mpaka jua lipande. Katika kiangazi hakuna mvua ya kuusafisha. Hapa Batsinda nasi tuna hali yetu. Mtaa huu umejulikana kwa watu waliohamishwa: mwaka 2008 familia za Kiyovu ya chini zilizoondolewa katikati ya mji zilijengewa nyumba hapa, na wapangaji kama sisi tukafuata baadaye. Vyumba vyetu viko karibu karibu. Moshi wa mlango mmoja ndio hewa ya dirisha la pili.

3. Hewa chafu inafanya nini mwilini?

Kuna adui wawili, na tusiwachanganye, kwa sababu mmoja anaonekana na mwingine haonekani.

Adui wa kwanza ni masizi. Ndani ya moshi kuna chembe ndogo sana. Zile zinazopimwa na wataalamu zaidi ni nyembamba kuliko unywele wa mtu mara 20 au zaidi. Pua haiwezi kuzizuia. Zinashuka hadi mwisho wa mapafu, nyingine zinaingia katika damu. Ndiyo maana hewa chafu haileti kikohozi peke yake. Inaleta pia magonjwa ya moyo, kiharusi, saratani ya mapafu, pumu, na watoto kuzaliwa na uzito mdogo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba chembe hizo, kwa wastani wa mwaka, zisizidi mikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Vipimo vya Kigali vya miaka ya karibuni vimekuwa zaidi ya 30. Hiyo ni hewa ya nje. Chumbani penye moto wa kuni huwa mbaya kuliko hapo.

Shirika hilo hilo limekadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 walikuwa chini ya miaka 5. Tusome hesabu hiyo polepole. Sisi tumekimbia risasi tukiwa tumebeba watoto mgongoni. Ingekuwa huzuni kubwa tuwafikishe mahali pa amani kisha tuwapoteze kwa moshi wa ugali.

Ugonjwa unaowachukua wengi wa watoto hao ni nimonia. Kila mzazi ajifunze kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, na wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, hiyo ni dalili ya hatari. Pia ukiona mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, au ameshindwa kunyonya au kunywa, usingoje asubuhi. Mpeleke kituo cha afya, au kimbilia kwa mjumbe wa afya wa mtaa (umujyanama w'ubuzima). Tutaomba pamoja nawe njiani. Maombi hayakatazi dawa.

Adui wa pili ni gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Ndiyo iliyotaka kutumaliza usiku ule. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inatoka pale moto unapokosa hewa ya kutosha, na makaa mekundu yanaitoa kwa wingi hata kama moshi umekwisha. Ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu inazunguka bila kubeba uhai. Mtu huumwa kichwa, hupata kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea, kisha usingizi mzito. Wengi hawaamki. Mama mjamzito na mtoto aliye tumboni wako katika hatari zaidi.

Ndugu wa Goma mnafahamu mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kuua mbuzi na watu katika mabonde. Mazuku ni kaboni dayoksaidi. Ni nzito, hulala chini, na mtu aliyesimama mahali pa juu anaweza kuokoka. Gesi ya mbabula haiko hivyo. Inachanganyika na hewa yote ya chumba, juu na chini. Kwa hiyo usidhani kwamba aliye kitandani yuko salama kuliko aliye mkekani. Usidhani pia kwamba tundu dogo la dirisha linatosha.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango, usikae ndani, mtoe nje kwenye upepo, kisha piga 912 kuita gari la wagonjwa. Hospitali wana oksijeni. Usimpe maziwa kwa kudhani yataondoa sumu. Hayaitoi sumu hii, na aliyelegea anaweza kusongwa nayo.

Na moshi wa barabara tusiudharau. Huko London mtoto wa miaka 9, Ella Adoo-Kissi-Debrah, alifariki mwaka 2013 baada ya kuteswa na pumu. Alikuwa akiishi karibu na barabara yenye magari mengi. Mama yake hakunyamaza, na mwaka 2020 mchunguzi wa vifo aliandika rasmi kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Lilikuwa jambo la kwanza la namna hiyo katika Uingereza. Mzazi mmoja aliyeuliza bila kuchoka alifanya nchi nzima isikie.

4. Ardhi nayo inaugua

Kupata kilo moja ya makaa katika tanuri la udongo, mchomaji hutumia kilo 5 hadi 10 za mti. Makaa mengi ya Kigali yanatoka katika miti ya kupandwa, hasa mikaratusi, ya kusini na magharibi mwa nchi. Lakini kwetu Kivu makaa yamekatwa miaka mingi ndani ya hifadhi ya Virunga. Mwaka 1994, makambi makubwa ya wakimbizi yalipokuwa kuzunguka Goma, maelfu ya watu waliingia msituni kila siku kutafuta kuni, na eneo kubwa likabaki wazi. Baadaye biashara ya makaa ikawa chanzo cha fedha kwa vikundi vya silaha. Tulinunua gunia sokoni bila kuuliza, kumbe sehemu ya fedha hiyo ilirudi kwetu kama risasi. Msitu ukiisha, mvua hupotea utaratibu, udongo unashuka, mto unachafuka. Masizi yanayopanda juu na gesi za moto nazo huongeza joto la dunia, na anayeumia kwanza ni mkulima mdogo asiye na akiba.

5. Ukuta pembeni ya paa

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, mtu aliyejenga nyumba aliamriwa aweke kizuizi kuzunguka paa lake, maana watu wa zamani walikuwa wakiketi na kulala juu ya paa. Mtu akianguka kwa kukosa kizuizi, damu ingekuwa juu ya nyumba ile. Mungu hakusema, "Mimi nitawalinda wasianguke, msijisumbue." Aliagiza wajenge. Kwetu sisi ukuta huo ni mlango wa chumba: mbabula yenye moto isivuke mlango huo. Tunaomba kila baba na kila mama waweke agizo hili katika nyumba kama sheria ya familia.

Tazameni pia Yohana 21:9. Bwana Yesu alipowapikia wanafunzi samaki juu ya makaa, alipika nje, ufukweni. Basi nasi tupike nje au barazani, penye upepo. Mvua ikinyesha, tupike chini ya ukingo wa bati, pande mbili zikiwa wazi.

Haya mengine hayana gharama:
- Washa makaa kwa vijiti vikavu au majani makavu. Plastiki hapana.
- Loweka maharage usiku kucha. Yataiva upesi na makaa yatabaki.
- Funika sufuria.
- Mtoto asikae karibu na moto. Mwenzako akishike kichanga wakati unapika.
- Ukimaliza, zima makaa nje, na yapoe kabisa kabla ya kuyaingiza ndani. Baridi ni kazi ya blanketi. Mbabula haina kazi hiyo.

Yenye gharama ndogo: sufuria iliyochemka inaweza kuwekwa ndani ya kikapu kilichojazwa nguo kuukuu au majani makavu ya migomba, na chakula kitaendelea kuiva bila moto. Mbabula zilizoboreshwa, kama canarumwe, zinapunguza makaa, na rondereza inapunguza kuni. Lakini tuseme wazi: canarumwe ikiingizwa chumbani inaua kama ile ya zamani.

Yenye gharama kubwa kidogo ni gesi. Katika kambi ya Mahama familia nyingi zimehamia kwenye gesi. Hapa mjini kikwazo ni fedha ya mwanzo ya mtungi na jiko. Likelemba zetu, ambazo tumezoea kuzitumia kwa karo na biashara, zingeweza kuchukua zamu ya gesi, familia moja kila mwezi. Mtungi usimame wima, ufungwe kila baada ya kupika, na ukisikia harufu usiwashe kiberiti wala taa. Fungua mlango kwanza.

6. Kuutafutia mji amani

Yeremia 29:4-7 ni barua kwa watu waliohamishwa kwa nguvu. Mungu aliwaambia wajenge, wapande bustani, na wautafutie amani mji walimo, kwa maana amani ya mji ingekuwa amani yao. Wapo wanaosema, "Sisi ni wageni, tunasubiri safari, mambo ya hewa ni ya wenyeji." Lakini mapafu ya mtoto hayasubiri safari.

Mji huu umeanza kazi. Mwaka 2008 Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Mwaka 2016 ilitoka sheria namba 18/2016 ya kulinda hewa, na mwaka huo huo Kigali ikaanza siku za kufunga barabara kwa magari ili watu watembee. Historia inatupa moyo. London ilifunikwa na moshi mzito siku 5 za Desemba 1952, maelfu wakafa, na mwaka 1956 wakatunga sheria ya hewa safi. Afrika kusini mwa Sahara iliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Watu wakikubaliana, hewa hubadilika.

Sehemu yetu ni ndogo lakini ipo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, katika umuganda, tusiwe wa kujificha. Tupande mti pale tunaporuhusiwa, tupeleke takataka kwa wanaozikusanya badala ya kuzichoma nyuma ya nyumba. Israeli jangwani walikaa katika hema, kama wengi wetu tulivyokaa, na bado waliagizwa kufukia uchafu wao nje ya kambi, kwa sababu Mungu alitembea kati ya kambi (Kumbukumbu la Torati 23:12-14). Kuishi mahali kwa muda hakukuwaondolea wajibu wa usafi.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Katika nyumba yetu moto unawashwa wapi, na moshi wake unaingia kwa nani?
2. Je, tuna jirani, mjane au mzee, ambaye wakati wa mvua huingiza mbabula ndani kwa sababu hana blanketi? Tutamfanyia nini wiki hii?
3. Ni kitu gani tunachochoma ambacho hatupaswi kuchoma?
4. Nani katika familia amejifunza kuhesabu pumzi za mtoto? Mfanye mazoezi pamoja.

Tuombe

Baba yetu wa mbinguni, uliyetupa pumzi, tunakushukuru kwa usiku tuliovuka bila kujua hatari. Tusamehe pale tulipochafua hewa ya jirani. Wape akina mama nguvu, walinde watoto kifuani, na uwape baba moyo wa kutosubiri kesho. Ulinde wale waliobaki nyumbani kwetu. Katika jina la Yesu, Amina.

Wazee wa kanisa watapita katika kila seli ya maombi kuuliza jambo moja tu: mbabula inalala wapi? Muwapokee. Mungu awabariki.